Breki Hazikukatika

Kuna sentensi moja niliyoanza kuisoma magazetini nilipokuwa mwanafunzi, na ambayo sasa, nikiwa mwalimu mstaafu, ningali naisoma: "Lori hilo lilipoteza mwelekeo baada ya breki kukatika." Hubadilika jina la mlima, idadi ya maiti na aina ya mzigo; sentensi yenyewe haibadiliki. Waandishi huiandika, maafisa huirudia, wenye malori huishikilia kama hirizi. Msomaji naye hutikisa kichwa, akafungua ukurasa wa michezo. Maadamu breki zimekatika zenyewe, nani wa kulaumiwa?

Mimi niliacha kuiamini sentensi hiyo mwezi wa Julai mwaka 1996, katika mteremko wa Kamatira, kati ya Makutano ya Kapenguria na Chepareria. Naomba msomaji anivumilie niisimulie safari ile, kisha tuiingize darasani, kwa kuwa nawaandikia hasa walimu wenzangu na wanafunzi wao.

Siku hizo nilikuwa nikifundisha sayansi katika shule moja ya Kakuma. Kambi ya wakimbizi ilikuwa na umri wa miaka minne tu. Ilifunguliwa mwaka 1992, walipoingia maelfu ya vijana kutoka Sudan, wengi wao watoto wasio na wazazi, waliokwisha kuhangaishwa huku na huko baina ya Sudan na Ethiopia. Kambi, mji, zahanati, maduka na shule, vyote vililishwa na barabara moja. Mahali pale hapaoti mahindi kwa mvua ya Mungu peke yake. Lodwar yenyewe hupata milimita mia mbili hivi kwa mwaka mzima, na pengine isizipate. Kwa hiyo kila punje ya mahindi, kila kipande cha sabuni, kila chaki niliyoishika mkononi ilikuwa imepakiwa kwenye lori, ikapandishwa nyanda za juu, kisha ikateremshwa kwenye vilima vya Cherangani hadi jangwani. Wanafunzi wangu hawakulifikiria jambo hilo. Mimi pia sikulifikiria, hadi mwalimu mkuu aliponituma Kitale kuchukua madaftari na karatasi za mtihani wa majaribio wa darasa la nane.

Madaftari niliyapata, usafiri wa kurudi ndio ulionishinda. Siku ya tatu nikiwa stendi, nikaelekezwa kwa dereva mmoja mtu wa Pwani, mzee wa makamo mwenye kofia ya kufuma, aliyekuwa akilipeleka Kakuma lori lenye trela kubwa lililosheheni unga na maharagwe. Aliyatazama maboksi yangu, akanitazama mimi, akauliza: "Mwalimu, una koti?" Nikamjibu kwamba sina, kwani natoka Turkana. Akacheka. "Turkana ni kesho kutwa. Leo tunalala baridini."

Hapa ni lazima nitoe maelezo kidogo kwa ajili ya mwanafunzi wa Lodwar, ambaye akiandikiwa insha juu ya majira ya baridi huanza mara moja kuandika habari za Ulaya na theluji. Sisi tunayo majira yetu ya baridi. Watu wa Pwani huyaita kipupwe, nayo huanza Juni na kumalizika Agosti. Huko Mombasa huwa ni upepo wa kupendeza tu. Lakini barabara ya kutoka Mombasa ikifika Timboroa, karibu na Eldoret, huwa imepanda mita 2,700 hivi juu ya bahari, na dereva wa usiku hukuta ukungu mzito kiasi cha kutoiona pua ya lori lake. Kitale iko kwenye mita 1,900, Kapenguria 2,100. Nyuma yake vilima vya Cherangani vinapanda hata kupita mita 3,500. Mvua huko haingoji Novemba. Hunyesha Julai na Agosti wakati Turkana inaungua. Halafu, katika mwendo wa kilomita 300 tu kutoka Kitale, unajikuta Lodwar, mita 500 juu ya bahari, ambako mtu akiliegemea lori mchana huacha ngozi ya kiwiko. Majira mawili hukutana katika barabara moja, na baina yao kuna mteremko.

Tulilala Makutano. Jioni hiyo mwenye lori alikuwa amempigia dereva simu kupitia kwa duka moja la pale, na japo sikuyasikia maneno ya upande wa pili, niliyasikia majibu: "Ndiyo, bosi. Najua, bosi. Lakini kuna ukungu, bosi." Kisa ni kwamba kutoka Lodwar kwenda Kakuma magari ya mizigo yalikwenda kwa msafara, yakisindikizwa na polisi kwa ajili ya majambazi. Ukiukosa msafara wa leo, utangoje mwingine; na lori lililosimama halimletei mwenyewe pesa. Dereva aliporudi kwenye meza yetu ya chai alisema tu, "Anataka tushuke usiku huu." Akamimina chai ya pili.

Alfajiri nilimkuta utingo yuko mvunguni mwa trela na spana mkononi, amelalia gunia kwenye matope, anakaza breki gurudumu moja baada ya jingine. Baada ya hapo alifungua vijitundu vya chini vya matangi ya upepo, yakatoka maji machafu kwa mlio wa kuzomea. Nikauliza maji yameingiaje humo. Dereva akanieleza kwamba breki za lori kubwa huendeshwa kwa upepo ulioshindiliwa. Upepo una unyevu, na unyevu ukipata baridi huwa maji. Maji yakijaa tangini, nafasi ya upepo hupungua. Nilimsikiliza kwa aibu kidogo. Mwezi uliotangulia nilikuwa nimewafundisha wanafunzi wangu namna mvuke unavyogeuka maji, nikatumia mfano wa aaya na kifuniko chake, mfano ambao mwalimu wangu mwenyewe aliutumia, na mwalimu wake kabla yake. Huku malori yalikuwa yakipita mbele ya dirisha la darasa letu kila siku.

Hatukuondoka hadi saa tatu, ukungu ulipoanza kupasuka. Lami ilikuwa bado imelowa. Barabara ile, kwa faida ya wasioijua historia yake, ilitengenezwa katika miaka ya 1980 kwa msaada wa Norway. Kisha mwaka 1990 uhusiano wa kibalozi baina ya nchi hizo mbili ukavunjika, na kufikia siku zangu lami ilikuwa imekwisha kuliwa mashimo. Kabla ya kuuanza mteremko dereva alisimamisha lori kabisa, akateremka, akagusa kila gurudumu kwa kiganja kama daktari anayepima homa, akapanda tena. Aliweka gia ya chini sana. Nikadhani ameikosea, kwa kuwa lori lilikuwa linakwenda mwendo wa mtu anayetembea haraka, nayo injini inanguruma utadhani tunapanda.

"Mwalimu," akasema bila kunitazama, "mlima unaushuka kwa gia ile ungeupandia. Hii injini ndiyo breki yangu. Zile nyingine ni za akiba."

Tulikwenda hivyo kwa muda mrefu. Mara kwa mara mwendo uliongezeka. Hapo alikanyaga breki kwa nguvu mara moja, lori likapungua mwendo, akaiachia kabisa, akangoja, akakanyaga tena. Hakuuacha mguu wake kukaa juu ya breki hata dakika moja. Nilimwuliza kwa nini asiikanyage kidogo kidogo mfululizo, jambo ambalo mimi ningelifanya. Akaniambia mkono uliokamatwa kwa nguvu mara moja ukaachiwa hupona, lakini mkono unaosuguliwa taratibu saa nzima huchubuka. Sijapata kusikia mwalimu wa fizikia akilieleza jambo hilo vizuri zaidi.

Nyuma yetu lori jingine lenye trela lilipiga honi. Likatupita kwenye mahali palipofunguka kidogo, likashuka kwa kasi, na nililolishangaa zaidi ni ukimya wake: hapakuwa na mngurumo wa injini, ni sauti ya magurudumu tu juu ya lami yenye maji. Dereva wangu alitema mate dirishani. "Ametoa gia," akasema. Lori likiachwa huru hivyo mlimani halili dizeli, na dizeli iliyobaki tangini ina wanunuzi wake njiani. Utingo wa lori lile alikuwa amekaa dirishani, kijana mdogo, akatupungia mkono.

Tulimkuta baada ya kona ya nne au ya tano. Kichwa cha lori kilikuwa mtaroni, trela limejikunja na kuziba nusu ya barabara, magunia yamepasuka, mahindi yametapakaa mteremko mzima hata yakafika kwenye vichaka vya chini. Dereva alikuwa ameketi juu ya jiwe, damu inamtoka kwenye paji la uso, anarudia maneno mawili: "Breki zimekatika. Breki zimekatika." Kijana aliyetupungia mkono alikuwa chini ya mlango. Umri wake ulikuwa wa wanafunzi wangu wa darasa la nane, ambao wengi waliuanza shule wakiwa wamekwisha kuwa wakubwa. Tulimtoa kwa jeki na magogo, sisi na wachungaji wa Kipokot waliokuja mbio, lakini alikuwa amekwisha kufa.

Walipokwisha kumfunika, dereva wangu alikwenda kwenye magurudumu ya trela lile. Yalikuwa yanatoa moshi mwepesi, na harufu kama ya nguo iliyounguzwa kwa pasi. Mmoja wa watu waliokusanyika alileta debe la maji ayamwagie, mzee akamzuia asije akapasua chuma. Akasogeza kiganja chake karibu na dramu ya breki bila kuigusa, akakirudisha. Akaniambia kwa sauti ya chini, ili mwenzake asisikie: "Hazikukatika, mwalimu. Zilimalizwa."

Siku chache baadaye gazeti lilitufikia Kakuma. Habari ilikuwa na mistari sita, na sentensi yake ya mwisho msomaji ameshaijua.

Sasa tuiingie darasani, kama nilivyoahidi. Tuchukue lori la tani 50 pamoja na mzigo wake. Liko Kapenguria, mita 2,100. Linashuka hadi Marich, ambako tukadirie mita 1,000. Limeanguka basi mita 1,100, hata kama limeanguka polepole na kwa kuzunguka kilomita 60 na ushei. Mwanafunzi azidishe uzani kwa kimo: kilo 50,000 mara 9.8 mara 1,100. Atapata jouli milioni 539. Nishati hiyo haipotei, wala haiwezi kubaki kuwa mwendo, maana lori lingefika Marich kama risasi. Ni lazima igeuke joto. Je, ni joto kiasi gani? Kuchemsha lita moja ya maji kutoka nyuzi 20 hadi 100 kunahitaji jouli 336,000. Mwanafunzi agawanye. Joto la lori moja kuteremka Marich latosha kuchemsha lita 1,600 za maji, yaani mapipa manane ya lita 200. Upepo na magurudumu yatachukua sehemu yao, tena sehemu nzuri. Linalobaki lina mahali pawili tu pa kwenda: kwenye injini, au kwenye breki.

Likienda kwenye injini iliyo katika gia ya chini, injini inageuka bomba la kusukuma hewa. Inajichosha kwa kuvuta na kubana, na joto linatoka kwa njia ya rejeta na bomba la moshi. Injini iliumbwa kwa joto. Likienda kwenye breki, hukusanyika katika dramu za chuma zenye ukubwa wa sufuria ya harusi ndogo. Chuma kikipata moto hutanuka. Dramu ikitanuka, ukuta wake husogea mbali na vile vipande vinavyopaswa kuibana, navyo vikiungua hupata utelezi kama kioo. Dereva hukanyaga, upepo unafika, vipande vinasogea, lakini mshiko haupo. Hakuna kilichokatika. Kila kitu kiko mahali pake na kinafanya kazi yake, ila chuma kimejaa joto kiasi cha kushindwa kupokea zaidi. Akitaka wakati huo kuirudisha ile gia aliyoitoa, gia inakataa, kwa sababu magurudumu yanazunguka kwa kasi ambayo injini haiwezi kuifikia. Na kama lami imelowa, kichwa cha lori kikibana breki ilhali trela zito halijabana, trela humsukuma mwenzake kwa nyuma na kumkunja kama kisu cha kukunja.

Mwendo nao una hesabu yake. Lori likishuka kwa kilomita 60 kwa saa badala ya 20, joto lile lile linaingia katika muda wa theluthi moja. Breki hazipati nafasi ya kupoa. Mtu anayeshuka polepole anapewa na mlima mkopo wa kulipa kidogo kidogo. Yule wa mbio anadaiwa wote papo hapo.

Nilimaliza safari yangu. Tulivuka Marich, tukapita Kainuk na daraja lake la njia moja juu ya mto Malmalte, tukapita Lokichar, tukaingia Lodwar usiku, mzee akiwa amevua kofia, koti na shati. Msafara tuliukosa, kama alivyokuwa ameogopa bosi, tukakaa Lodwar siku mbili tukinywa maji ya moto. Baadaye tulikwenda kwa mwendo wa msafara zile kilomita 120 hadi Kakuma, tukivuka laga baada ya laga, mzee kila mara akiteremka kupima mchanga kwa mguu kabla ya kuliingiza trela. Jangwani aliogopa mchanga kuliko bunduki. Madaftari yalifika; mtihani ulifanywa ukiwa umechelewa kwa juma moja; hakuna aliyelalamika.

Lakini swali la nani alizimaliza zile breki halikuniachia. Dereva alitoa gia, hilo nililiona kwa macho yangu, wala simtetei. Hata hivyo, nani alimlipa kwa safari badala ya mwezi, hata kila saa ya kungoja ukungu upite ikawa ni hasara ya mfukoni mwake? Nani alipakia lori lile? Mimi mwenyewe, katika safari nyingine miaka hiyo hiyo, nilishuhudia kwenye mizani mmojawapo wa barabara kuu jinsi lori lililozidi uzito lilivyopitishwa baada ya noti kukunjwa ndani ya karatasi za mzigo. Karani hakuitazama hata sindano ya mizani. Sikumshitaki kwa mtu. Nilikuwa na haraka ya kufika, kama abiria wengine. Siku hizi iko Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013 ya kudhibiti uzito wa magari, inayoweka tani 56 kuwa kikomo. Ni sheria nzuri. Ila kila tani inayopitishwa kwa noti pale kwenye tambarare huja kudai joto lake mlimani, na anayelipa ni utingo.

Mtu atasema mambo yamebadilika. Kweli, yamebadilika sana. Mwaka 2015 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa kuijenga upya barabara hii kuelekea mpaka wa Sudan Kusini, na lami mpya ikatandazwa jangwani. Mwaka 2018 tuliona hata kinyume cha mambo: kwa miaka yote malori yalishuka yamejaa na kupanda matupu, isipokuwa mbuzi na samaki wa kukausha, lakini mwezi Juni mwaka huo yalianza kupanda na mafuta ghafi ya Lokichar kuelekea Mombasa, hadi jaribio hilo liliposimama mwaka 2020. Mlima nao haukukaa kimya. Mwezi Novemba 2019 mvua kubwa iliporomosha udongo huko Pokot Magharibi, katika vijiji kama Nyarkulian na Parua, wakafa watu zaidi ya arobaini, na barabara ya Kitale kwenda Lodwar ikakatika. Aliye Kakuma hakuhitaji redio kuambiwa. Alitazama bei ya unga dukani.

Lami nzuri, hata hivyo, haifupishi mteremko. Pengine huuongezea hatari, kwa kuwa mashimo yale tuliyoyalaani yalimlazimisha mtu kupunguza mwendo. Wala Kamatira si peke yake. Sachangwan, mwezi Januari 2009, lori la petroli lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota mafuta, moto ukawaua zaidi ya mia moja. Londiani, tarehe 30 Juni 2023, lori lililobeba kontena liliwavamia wachuuzi na abiria kwenye njia panda, likaua watu zaidi ya hamsini. Jirani zetu wa Tanzania wanao Mlima Kitonga, mkoani Iringa, kwenye barabara kuu ya kwenda Zambia. Dereva yeyote wa masafa marefu akilisikia jina hilo huweka kikombe chini.

Wenzetu wa nchi za theluji wanashuka na matrela makubwa kuliko yetu, kwenye barafu. Huko Colorado, Marekani, lori kubwa hulazimishwa kubeba minyororo ya magurudumu katika miezi ya baridi. Yako pia maegesho kileleni ambapo dereva husimama akapima breki kabla ya kushuka. Na kwenye miteremko mirefu huchimbwa njia za kunusurika: mchepuko unaopanda kilimani, umejazwa changarawe laini na nene, ambamo lori lililoshindwa huelekezwa likazama hadi likasimama. Changarawe! Yaani kile kitu alichokiogopa mzee wangu katika laga za Turkana, wenzetu wamekigeuza kuwa mwokozi. Mteremko kama wa Kamatira unastahili njia ya namna hiyo, na maegesho ya lazima pale juu Makutano. Kokoto tunazo. Mchanga ndio usiseme. Siku ile ya mwaka 1996 palikuwa na mtaro tu.

Na magazeti nayo yana wajibu wao, likiwemo hili ninaloliandikia. Ajali ikitokea mlimani, mwandishi na aulize maswali matatu kabla ya kuandika kwamba breki zilikatika: lori lilikuwa na uzito gani mizani ya mwisho, lilikuwa katika gia gani, na dereva alikuwa ameambiwa afike saa ngapi. Majibu huenda yasipatikane kila mara. Lakini swali likiulizwa, wapo watakaojua kwamba linaulizwa.

Nilipowafundisha darasa la nane hesabu ile ya mapipa manane, hawakuamini. Wengi wao hawakuwa wamewahi kuona mteremko mrefu wenye lami. Waliijua tambarare, na wale waliotoka Sudan walijua mito na vinamasi. Basi tuliigeuza baiskeli ya mwalimu mkuu juu chini, kijana mmoja akazungusha pedali kwa nguvu, mwingine akabana breki, na kila mmoja akaja kugusa mpira wa breki kwa kidole. Mtoto wa nyuma, msichana wa Kiturkana ambaye aghalabu hakuzungumza, aligusa, akakirudisha kidole haraka, kisha akauliza yule kijana wa lori alikuwa anaitwa nani. Nikasema sikuuliza.

Shule zilipofungwa mwezi Agosti nilipanda tena kwenda nyanda za juu, safari hii kwa basi. Pale kwenye ile kona ya Kamatira lori lilikuwa limekwisha kuvutwa na vioo vimefagiliwa kando. Mvua ilikuwa imenyesha mfululizo tangu siku ile. Mtaro mzima, na mteremko wa chini yake hadi kwenye vichaka, ulikuwa umeota mahindi, mabichi, yamesongamana bila mistari, yamefika magotini.